Usiingize mtaji wa genge kabla hujajua makato

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza kwa nini michezo ya kubeti mtu kwa mtu inavuta watu, na kama uanze na mtaji wa genge. Inavuta kwa sababu unamwona mpinzani, ana jina, anakuandikia "rudia basi", na wewe unajijua mkali. Mkeka wa mpira ukichanika unalaumu refa. Hapa umefungwa na mtu, damu inachemka, unataka umrudishie usiku huo huo.

Mimi drafti naiweza, kijiwe kizima cha Mwananyamala wanajua. Nilikuwa na 600,000, kodi ya miezi sita, mwenye nyumba anaisubiri mwisho wa mwezi. Nikacheza kwenye programu ya simu, mechi za 20,000 kila mmoja. Mezani inakaa 40,000, mshindi anapewa 36,000. Hiyo 4,000 sikuitazama kabisa, macho yangu kwenye 16,000 niliyokula. Usiku salio liliposoma 8,000 nilikaa kwenye ngazi, nikafungua historia ya mechi, nikachora vijiti kwa kalamu nyuma ya kalenda. Nimeshinda 148. Nimefungwa 148. Soma tena hapo. Hakuna aliyenizidi, na 592,000 haipo! Kila mechi mwenye programu kachukua 4,000 yake, nishinde nisishinde, na nusu yake imetoka kwangu.

Aliyeniingiza ni mtu tunayekula sahani moja. "Hapa hakuna kampuni, unacheza na binadamu mwenzako." Akanipa habari za Chris Moneymaker, Mmarekani aliyeingia kwa mchujo wa mtandaoni akabeba dola milioni 2.5 za poka, ule mchezo wa karata, mwaka 2003. Hakusema kwamba mashindano yale yalikuwa na washiriki 839. Wala hakusema kwamba analipwa kamisheni kwa kila anayejiunga kwa namba yake. Hilo nimekuja kuambiwa na watu wengine, nimeshampigia magoti mwenye nyumba. Mpaka leo sijamsamehe.

Kwa hiyo fungua masharti ya hiyo programu yako, tafuta makato ni asilimia ngapi ya hela ya mezani, igeuze iwe shilingi za mechi moja, chukua nusu yake, zidisha kwa mechi utakazocheza mwezi mzima. Hiyo ndiyo hela inayotoka hata ukitoshana nguvu na kila mtu. Niandikie jibu hapa kabla hujaenda kwa wakala kuweka hata buku. Usiku nitaingia kuangalia.