Kwanza mji, mchanga baadaye: kwa mama anayetaka kwenda Mombasa

Mama mmoja wa Tororo, huku kwetu Uganda, ameniandikia. Amejiwekea akiba katika kikundi chao, anataka kuwapeleka watoto Mombasa, lakini mume wake anasema, "Pwani ya nini? Twende Entebbe, maji ni maji." Anauliza: Mwalimu, nimjibu nini?

Huyo mume namfahamu. Jina silijui, lakini nimekaa naye kwenye vikao vya ukoo, na mmoja wao ni shemeji yangu kabisa. Nilipotangaza safari yangu ya kwanza, shemeji alicheka mbele ya wageni, akasema mwalimu wa sekondari naye siku hizi anajifanya mzungu. Sijasahau. Picha zetu za Mombasa zimetundikwa sebuleni, mkabala na kiti anachopenda kukalia akija.

Entebbe ni pazuri, sikatai. Ina bustani ya mimea iliyoanzishwa 1898, ina mbega mitini, na ilikuwa makao ya serikali ya Waingereza mpaka uhuru. Lakini maji yake ni ya Ziwa Viktoria, na ziwa halijai na kupwa, halina chumvi, na lina kichocho. Tena Entebbe utaona mahali Waingereza walipokaa. Mombasa utaona mahali walipopitia kuja kwetu, na waliowatangulia kupita hapo. Mjibu hivyo, mama, kwa upole, baada ya chakula.

Sasa ushauri wenyewe. Kinachoniudhi ni watu wetu kulipa basi, kusafiri usiku na mchana kupitia Nairobi, halafu wakifika wanajifungia hotelini kando ya bwawa la kuogelea. Bwawa la kuogelea hata Jinja lipo! Anza na mji. Mchanga hauendi popote.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi: Mombasa mjini ni kisiwa, na zile fukwe za kwenye picha haziko hapo kisiwani. Kwa Nyali, Bamburi na Shanzu unavuka daraja la Nyali kuelekea kaskazini. Kwa Tiwi na Diani unavuka kivuko cha Likoni kuelekea kusini, na anayevuka kwa miguu halipi kitu. Wanangu walikipenda kivuko kile kuliko hoteli. Basi siku ya mji lala mji, siku ya mchanga ndipo uvuke. Na ufuo usikutishe: Bamburi kuna ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao watu huuita Pirates, na Jumapili umejaa familia za kawaida kama yako na yangu, wanawake wakiingia majini na madera yao.

Kabla ya kuwavua watoto viatu, muulize mwenyeji maji yanajaa saa ngapi. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kwa karibu dakika 50. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Ukifika maji yamekupwa utakuta matope, mawe na kaa, na bahari iko kule mbali, na mume atakuuliza kama hiyo ndiyo bahari uliyomlipisha.

Nirudi mjini, maana ndiko moyo wangu ulikobaki. Fort Jesus ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, kwa mawe ya matumbawe, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira tangu 1696 hadi walipoiteka 1698. Karibu miaka mitatu, watu wamo ndani wanakufa kwa njaa na maradhi! Baadaye Waingereza wakaifanya jela, ikabaki jela hadi 1958. Mimi nimekulia katika kota za askari magereza, baba alikuwa kazini huko, Kiswahili changu nilikipata hapo uani kabla ya kukisomea. Kwa hiyo wenzangu walipokuwa wakipiga picha na mizinga, mimi nilikuwa nikitazama unene wa kuta na kuwaza ni mfungwa gani aliusikia mvumo wa bahari kila usiku asiione. Chukua kitambulisho chako. Mtu wa Afrika Mashariki halipi kiingilio sawa na mgeni wa ng'ambo.

Hapo mjini alitutembeza kijana mmoja mchangamfu. Tulipofika kwenye habari za reli akasema, akicheka, kwamba Waingereza waliiita Reli ya Uganda lakini Uganda yenyewe haikufika, Waganda walibaki na jina tu. Watalii wakacheka. Mimi mtu wa Jinja, nakunywa maji ya Nile tangu kuzaliwa, ninyamaze? Nikamwambia: mwanangu, reli ilianzia hapa kwenu 1896 ikafika Kisumu 1901, na mwaka huo Kisumu ilikuwa ndani ya Uganda. Ni 1902 Waingereza waliposogeza mpaka wakaikata sehemu yote ile ya mashariki wakaitia upande wenu. Nikaendelea. Waingereza walilitaka ziwa letu na chanzo cha Nile, ndiyo sababu ya reli. Walioijenga waliletwa kutoka India zaidi ya 30,000, na kama 2,500 kati yao walikufa. Kampala tuliisikia honi yake 1931. Binti yangu alinivuta mkono: "Mama, basi." Sikuacha. Yule kijana, namshukuru, aliandika ile 1902 kwenye simu yake.

Ndiyo maana nasema kwanza mji. Lugard, yule ofisa Mwingereza aliyekuja kujenga ngome yake Kampala Desemba 1890, alianzia safari yake pwani hiyo. Mtoto wa Uganda anayefundishwa haya darasani halafu anapelekwa Mombasa kuteleza kwenye bomba la maji, mzazi wake amemnyima. Wazazi, tusiwe watu wa kununua picha! Tunawalipia ada watoto wajue dunia, kisha tukipata nafasi ya kuwaonyesha dunia tunawatafutia chipsi na kuku zile zile za Kampala. Mji wa Kale, jioni, kuna viazi karai na bajia, kuna mahamri na mbaazi asubuhi, kuna kahawa tungu. Kula hapo. Na unapopita vichochoroni toa salamu. Wazee wamekaa barazani, na asiyewasalimu wanamhesabu hana mama. Vaa nguo ya heshima, beba leso. Muuza madafu mmoja aliniuliza kama natoka Tanga. Nilinunua madafu mawili zaidi kwa furaha, na shemeji amesimuliwa hilo mara nyingi.

Kuhusu mpakani, kitambulisho cha taifa kinatosha kwa mtu mzima, kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi, na karatasi za watoto zishughulikie mapema. Basi au treni kutoka Nairobi, chagua mwenyewe. Treni nzuri kwa watoto.

Na msiende Aprili wala Mei, ni masika. Nenda Januari. Kaskazi inavuma na jua ni kali. Watoto wa Kenya wamekwisha kurudi shuleni mapema mwezi huo, na vyumba havigombaniwi kama wakati wa Krismasi, ilhali wetu wako nyumbani wakisubiri muhula wa Februari. Ada ya muhula huo utaitoa wapi baada ya safari, hilo, mama, ni kati yako na mumeo.