Ugonjwa wa kurithi au wa kurithiwa?

SWALI: Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari mjini Kisumu. Mwanafunzi wangu, akifupisha makala kuhusu utafiti wa ubongo, jeni na ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia, aliandika: "Skizofrenia ni ugonjwa wa kurithi." Mwalimu mwenzangu alikata kwa wino mwekundu akaandika "wa kurithiwa", kwa hoja kwamba ugonjwa haurithi, bali hurithiwa. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwalimu, kisarufi mwanafunzi hakukosea. Kitenzi-jina (kama "kurithi") kikitanguliwa na a-unganifu ("wa", "ya" na kadhalika) hueleza namna au matumizi ya kitu bila kujali nani mtenda na nani mtendwa. Twasema maji ya kunywa na nyumba ya kupanga, wala hakuna anayedhani kwamba nyumba ndiyo inayompanga mpangaji. Na papo hapo twasema ugonjwa wa kuambukiza, ambapo ugonjwa ndio mtenda. Kauli ya kutendwa iacheni kwa sentensi kama "ugonjwa huu hurithiwa kutoka kwa wazazi."

Mimi wino wangu ningeupeleka kwingine. Kurithi ni kutwaa kitu kizima: shamba, ng'ombe, na huko kwenu hata mjane. Ndiyo maana neno hili laikalia vyema selimundu, maradhi ya chembe nyekundu za damu yanayofahamika sana ukanda wa Ziwa Victoria: mtoto akipokea jeni ya selimundu kwa baba na nyingine kwa mama, ugonjwa anao. Skizofrenia haiko hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulibainisha sehemu 287 za jenomu (jumla ya maelekezo ya kurithi yaliyomo mwilini) zinazohusiana nayo, nyingi zikichangia kidogo mno, na hata kwa mapacha wa kufanana, ambao jeni zao ni karibu zilezile, mmoja huweza kuugua na mwenzake akabaki mzima. Anachorithi mtu, basi, ni uwezekano, na sentensi ya mwanafunzi ingesomeka vizuri zaidi hivi: "Mtu huweza kurithi uelekeo wa kuugua skizofrenia."

Kosa baya kuliko yote mawili nililisikia kwenye matatu ya Ahero, abiria akisema kwamba mama fulani "alimwambukiza" mwanawe selimundu. Kuambukiza kwahitaji kijidudu, na selimundu haina. Mama huyo, pamoja na baba ambaye abiria yule hakumtaja kabisa, walimrithisha.