Ploti ya kwanza Minnesota: majibu kwa familia zinazoanza kupanda msimu huu

Maswali haya yametoka kwa familia zilizopata ploti kwa mara ya kwanza katika bustani za jamii za Minneapolis na Saint Paul. Wengi wenu jembe mnalijua tangu utotoni. Kinachowachanganya ni baridi, na ndiyo maana karibu kila jibu hapa linarudi kwenye joto la udongo. Tarehe tunazotoa ni za miji hii miwili. Walio Des Moines wanaweza kutangulia wiki moja au mbili, na walio Duluth wachelewe kwa kiasi hichohicho.

Theluji imeyeyuka tangu mapema Aprili na jua linawaka vizuri. Mbona jirani zetu wa bustanini hawapandi nyanya? (Mama wa watoto watatu, Saint Paul)

Kwa sababu jua la Aprili linapasha ngozi yako, udongo bado. Nunua kipimajoto cha udongo, kichomeke sentimita 10 chini asubuhi, siku tatu mfululizo. Kikionyesha nyuzi 7 za Selsiasi (45 za Farenhaiti), unaweza kupanda mazao yanayovumilia baridi: njegere, spinachi, figili, karoti, vitunguu, kabichi na sukuma wiki. Hiyo huwa kati ya katikati ya Aprili na mwanzo wa Mei. Viazi mviringo vifuate wakati huohuo, udongo ukikaribia nyuzi 10.

Awamu ya pili ndiyo ya mazao yetu ya nchi za joto. Maharage na mahindi yanataka udongo wa nyuzi 16 (60 za Farenhaiti), kwa kawaida baada ya Mei 15. Nyanya na pilipili zisubiri wiki ya mwisho ya Mei. Bamia, kunde, mchicha na maboga yanahitaji nyuzi 18 au zaidi, kwa hiyo usione haya kuyapanda Juni.

Ukiharakisha, maharage hufyonza maji, yakakosa joto la kuota na kuoza ardhini. Ukiyafukua unakuta uji. Nyanya haifi mara moja, lakini inadumaa na majani yake yanageuka zambarau upande wa chini, kwa kuwa mizizi iliyopoa haiwezi kuvuta fosforasi hata kama imejaa udongoni. Mche wa Mei 10 na mche wa Mei 28 mara nyingi huanza kuzaa wiki ileile, na huo wa pili unakuwa na afya zaidi.

Jalidi, ule umande unaoganda usiku, inaweza kurudi hata baada ya katikati ya Mei. Utabiri ukisema usiku utashuka chini ya nyuzi 2, funika miche jioni kwa shuka kuukuu lifike hadi chini, kwani linalosaidia ni joto linalopanda kutoka ardhini. Liondoe asubuhi. Plastiki inayogusa majani haifai, majani huganda palepale inapogusa.

Tumepewa mita 3 kwa 3 na tuko sita nyumbani. Tunaipangaje? (Baba, Brooklyn Park)

Baba, ploti hiyo inatosha kulisha nyumba mboga za majani, haitoshi kwa kila kitu. Mahindi na maboga ya kutambaa yaacheni mwaka huu. Boga moja linaweza kuvuka mpaka hadi kwa jirani kabla Julai haijaisha, na hapo ndipo ugomvi wa bustanini huanzia.

Tengenezeni matuta mawili ya upana wa mita 1.2, yaelekee mashariki na magharibi, na njia ya sentimita 60 katikati. Mita 1.2 ndicho kipimo cha mtu mzima kufikia katikati akiwa pembeni, bila kukanyaga. Udongo wa mfinyanzi ukikanyagwa hushikana kama tofali.

Tuta la kaskazini lipewe mazao marefu yasiwatie wengine kivuli: miche minne ya nyanya kwenye ukingo wa nyuma, sentimita 60 kati ya mmoja na mwingine. Zinabaki kama sentimita 60 mwishoni kwa maharage ya kutambaa kwenye miti mitatu ya mita 2 iliyofungwa juu. Mbele ya nyanya pandeni vitunguu, dania na karoti.

Tuta la kusini liwe la sukuma wiki, miche minane katika mistari miwili, sentimita 45 kila upande. Hiyo inachukua chini kidogo ya mita 2. Sehemu inayobaki ifanyeni ya zamu: figili na spinachi mwezi Aprili, kisha ng'oeni mwisho wa Mei na kusia mchicha palepale. Wanaoanza wengi hukosa faida hii, wanaacha ardhi wazi miezi miwili wakisubiri joto.

Someni pia kanuni za bustani kabla ya kushika jembe. Nyingi zina tarehe ya mwisho ya ploti kuwa imepandwa, na ploti yenye magugu inaweza kupewa familia nyingine.

Udongo bado una maji. Tulime tu? (Kijana anayelima na wazazi wake, Minneapolis)

Subirini. Chota udongo kutoka sentimita 10 chini, ufinye mkononi uwe donge, kisha udondoshe kutoka usawa wa kiuno. Ukivunjika, limeni. Ukibaki donge, rudini baada ya siku tatu, kwa kuwa mfinyanzi ukilimwa mbichi unakuwa mabonge magumu ambayo hayatalainika msimu mzima.

Siku ya kulima, changanyeni mboji. Tabaka la sentimita 2.5 juu ya ploti yenu ni kama lita 225. Mfuko wa futi moja ya ujazo, ule unaouzwa sana madukani, una lita 28, kwa hiyo ni mifuko minane. Ulizeni kwanza kama bustani ina lundo lake la mboji. Samadi mbichi ya kuku au ng'ombe msiweke masika hii: kanuni ya kilimo hai Marekani inataka zipite siku 120 kati ya samadi mbichi na kuvuna zao linalogusa udongo, na siku 90 kwa yasiyogusa. Spinachi ya Juni haiwezi kutimiza hilo. Samadi mbichi ni ya vuli, baada ya mavuno.

Sukuma wiki yangu mwaka jana ilikatwa shingo usiku, iliyobaki ikatobolewa yote. Nifanye nini? (Dada, Saint Paul)

Ni wadudu wawili tofauti, dada, na pengine watatu. Kila mmoja ana dawa yake.

Aliyekata shingo ni sota. Fukua taratibu asubuhi kuzunguka mche ulioanguka, kina cha kidole kimoja, utamkuta kiwavi wa kijivu amejikunja. Muue. Kisha kila mche mpya uvishe kola: kata bomba la karatasi ya chooni vipande vya sentimita 7, zungushia shina, didimiza sentimita 2.5 ziingie ardhini. Sota hatambai juu ya ukuta huo.

Vitundu vidogo vingi kama jani limechomwa na sindano ni kazi ya vijidudu vyeusi vinavyoruka ukivigusa. Hivi vinamaliza miche ile midogo mwezi Mei, sukuma ikikomaa haijali tena. Matundu makubwa yenye ncha zilizotafunwa na vinyesi vya kijani ni ya kiwavi wa yule kipepeo mweupe anayezunguka kabichi. Geuza jani, utaona mayai ya manjano yamesimama mojamoja. Yasugue kwa kidole.

Kinga ya hawa wawili wanaotoboa majani ni kitambaa chepesi cheupe cha kufunikia mimea, kinachopitisha mwanga na maji. Kiweke siku ileile unayopanda na ufukie kingo zake kwa udongo pande zote. Ukikiweka wiki moja baadaye, unawafungia wadudu ndani na chakula chao. Sukuma haihitaji nyuki ili itoe majani, kwa hiyo kitambaa kinaweza kubaki.

Nunua miche au isie ndani ya nyumba mwishoni mwa Machi. Miche iliyokulia ndani izoeshwe nje siku 7 hadi 10 kabla ya kupandikizwa: saa moja kivulini siku ya kwanza, ongeza kidogokidogo hadi ilale nje. Isipozoeshwa, majani hubabuka na kuwa meupe kwa siku moja tu ya jua na upepo. Madukani tafuta ile inayoitwa collards, aina ya Georgia au Champion. Na sungura je? Wapo wengi mjini, tena hawaogopi watu. Wavu wa sentimita 60 kwenda juu wenye matundu yasiyozidi sentimita 2.5, ukizikwa sentimita 15, unatosha.

Nilipanda lengalenga, nikarudi nikakuta wasimamizi wameing'oa wakidhani ni magugu. (Mama kutoka Bukavu, sasa Minneapolis)

Pole sana mama. Hawakukusudia ubaya: lengalenga, au mchicha, ina ndugu yake wa porini anayeota hapa kila mahali, na kwa macho ya mkulima wa Minnesota huyo ni gugu sugu. Mbegu zikimwagwa ovyo hakuna wa kutofautisha, hata wewe mwenyewe utapata shida wiki mbili za kwanza.

Safari hii panda kwa mistari iliyonyooka, ukiifunga kwa kamba kwenye vijiti, na weka kibao chenye jina: amaranth. Mwambie msimamizi mapema. Mbegu ni ndogo mno, zichanganye na mchanga mkavu kiasi cha mara nne, mwaga kwenye mfereji wa nusu sentimita, funika kidogo sana na ugandamize kwa kiganja. Lowesha kwa keni yenye matundu madogo. Maji ya mpira huzisomba zote kona moja. Zikifika sentimita 5, punguza zibaki sentimita 10 hadi 15 kati ya mche na mche. Ulizong'oa ni mboga tayari. Baada ya wiki 4 hadi 6 kata shina sentimita 10 juu ya ardhi, nalo litachipua pembeni. Usiiache itoe mbegu, la sivyo mwakani majirani watakuwa na sababu ya kulalamika.

Shemeji yangu anakuja Juni kutoka Kitale. Aniletee mbegu za mahindi na maharage ya kwetu? (Baba wa watoto wawili)

Asilete. Mbegu za kupanda haziingii Marekani bila vibali, na zikikutwa uwanja wa ndege bila kutajwa kwenye fomu anaweza kutozwa faini. Ipo ruhusa maalumu ya Wizara ya Kilimo ya Marekani kwa vifurushi vidogo, mbegu zisizozidi 50 au gramu 10 kwa kila aina, ila inaombwa kabla ya safari na si kila zao linakubaliwa.

Hata zikiingia kihalali, zitakukatisha tamaa. Mahindi ya nyanda za juu kama H614 yanahitaji miezi mitano hadi saba kukomaa, na hapa kati ya jalidi ya mwisho na ya kwanza ya vuli kuna takriban miezi mitano, tena si yote yenye joto. Isitoshe yamezoea mchana wa saa 12. Juni hapa mchana unazidi saa 15, na aina nyingi za kwetu hukawia kuchanua katika mchana mrefu kiasi hicho. Utapata mahindi marefu ya kijani kibichi, na Oktoba baridi itayakuta hayajabeba. Maharage mengi ya kutambaa ya milimani yana tabia hiyohiyo. Nunua mbegu za hapa zinazokomaa ndani ya siku 100, na mahindi yapande kwa mraba, angalau mistari minne mifupi, kwa sababu chavua hubebwa na upepo. Mstari mmoja mrefu hutoa magunzi yenye mapengo.

Watoto wana miaka 4 na 8. Wafanye nini bila kuharibu? (Mama, Minneapolis)

Wape mbegu wanazoweza kushika. Ile kona ya maharage kwenye miti mitatu iwe yao: mbegu nne au tano kila mti, kina cha sentimita 2.5, zitachomoza baada ya siku 7 hadi 10 udongo ukiwa na joto. Kwa sasa, wakati bado ni baridi, wapande figili, huvunwa siku 25 hadi 30, na mtoto wa miaka minne hana subira ya kuzidi hapo. Watamwaga pakiti nzima mahali pamoja. Waache, kisha wa miaka minane apunguze hadi zibaki sentimita 4 kati ya moja na nyingine, kwa sababu figili zilizobanana hutoa majani matupu.

Hili la pili tunalisisitiza kwa moyo wote: uliza kama udongo wa bustani umepimwa risasi, yaani ile metali inayoitwa lead. Viwanja vya mjini viliwahi kuwa na nyumba zenye rangi ya zamani na moshi wa magari ya petroli yenye risasi, na madhara kwa ubongo wa mtoto ni ya kudumu. Mwaka 2024 shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilishusha kiwango cha tahadhari kwenye makazi kutoka sehemu 400 kwa milioni hadi 200. Maabara ya udongo ya Chuo Kikuu cha Minnesota hupima, ila kipimo cha risasi lazima ukitaje. Kikizidi, limeni kwenye masanduku ya mbao yenye udongo mpya wa sentimita 30. Kwa vyovyote vile, watoto wanawe mikono kabla ya kula, viatu vya bustani viishie mlangoni, na mboga za majani zioshwe maji mara mbili au tatu.

Muhogo je, kwa ajili ya sombe (kisamvu)? (Saint Paul)

Hapana, msimu ni mfupi na jalidi ya kwanza inauua. Panda matembele: chipua kiazi kitamu dirishani kuanzia Aprili, ng'oa vichipukizi, vitie ardhini mwanzoni mwa Juni kila sentimita 30. Utachuma majani hadi Septemba.

Pesa za mbegu hatuna mwezi huu. (Familia mpya)

Kadi ya EBT ya msaada wa chakula, SNAP, inanunua mbegu na miche ya mazao ya kuliwa katika duka lolote linaloipokea. Haiwezi kununua mboji wala vifaa.

Sote tunafanya kazi zamu. Tunaweza kwenda mara mbili kwa wiki tu. Itatosha? (Baba na mama, Brooklyn Center)

Inatosha, isipokuwa siku kumi za kwanza baada ya kusia mbegu, ambapo juu hapatakiwi kukauka. Kwa siku hizo pokezaneni na jirani wa ploti. Baadaye mimea inataka sentimita 2.5 za maji kwa wiki, mvua ikiwemo. Kwenye mita 3 kwa 3 hizo ni lita 225, yaani ndoo 11 za lita 20. Gawanyeni safari mbili, ndoo tano na nusu kila moja, zimwagwe polepole shinani. Maji ya juujuu kila siku hufundisha mizizi kukaa juu, na majani ya nyanya yanayolala mbichi hupata madoa.

Katikati ya Juni, udongo ukishapata joto, tandazeni nyasi kavu za ngano au shayiri kwa unene wa sentimita 5 hadi 8. Zikiwekwa Mei zinafungia baridi ardhini. Nyasi zilizokatwa kwenye uwanja wa nyumba msitumie kama uwanja ulipuliziwa dawa ya magugu, kwani mabaki yake hupinda majani ya nyanya na maharage hata baada ya wiki kadhaa.