Tausi wa Nane Nane hafungwi kamba

Kila mwaka Julai ikikaribia, wafugaji wenzangu wa Kigoma na Tabora huniuliza swali moja: tausi nitamfunga wapi nikimpeleka maonyesho ya wakulima ya Nane Nane pale Ipuli, mjini Tabora? Mguuni, au nimtengenezee mikanda ya kifuani? Jibu langu halijabadilika. Usimfunge popote. Mfundishe mapema akubali kushikwa, akubali kuingia kwenye sanduku mwenyewe, na akubali watu kusimama karibu naye. Hayo yakifanyika, kamba haina kazi. Yasipofanyika, mwache nyumbani mwaka huu, umpeleke mwakani.

Najua wazo la kamba linatoka wapi. Kuku mgeni tunamfunga kipande cha kitambaa mguuni mpaka azoee nyumba, naye hutulia. Ila tausi dume aliyekomaa ana kilo 4 hadi 6, na akishtushwa kwa karibu anaruka juu kwa nguvu, karibu wima. Kamba ikikaza angali hewani, uzito wote na nguvu yote ya ule mruko huishia kwenye kiungo kimoja. Nyonga au goti linateguka, au muundi unavunjika. Ndege mwenye miguu mirefu namna ile akivunjika mguu, mara nyingi hasimami tena sawasawa. Niliwahi kumwona mmoja kwenye maonyesho, amefungwa kwenye mguu wa meza kwa kamba ya katani, watoto wamemzunguka, mdomo wazi anahema. Niliumia sana.

Mikanda ya kifuani nayo ina hatari yake. Ndege hana kiwambo cha pumzi kama sisi. Anapumua kwa kuinua na kushusha kidari, basi ukikibana kidari hewa haiingii hata kama pua na mdomo viko wazi. Kumbuka jambo hili kila unapomshika tausi, kwa sababu hata mikono yenye mapenzi huweza kumnyima pumzi.

Sasa kushika. Mshike usiku, au alfajiri kabla hakujapambazuka, akiwa amelala kwenye kitulio chake. Mchana utamkimbiza, na tausi aliyekimbizwa kwenye joto anaweza kufa saa chache baadaye au hata siku inayofuata, misuli ikiwa imeharibika kwa hofu na uchovu, ingawa nje haonyeshi jeraha lolote. Nendeni wawili. Mmoja awe na tochi hafifu, aielekeze chini, asimmulike machoni. Yule wa kushika aje kwa ubavuni akiongea polepole, sauti ile ile anayoitumia wakati wa kulisha. Mfunike kichwa kwa kanga kuukuu, laini. Giza likimfunika anatulia. Wengine tunatumia soksi ya pamba iliyotobolewa tundu la kutokezea mdomo, pua zikibaki wazi. Nayo ni nzuri ikiwa utamshika kwa dakika kadhaa.

Kichwa kikishafunikwa, kumbatia mbawa zote mbili kwa pamoja zibaki zimekunjwa. Usianze na mguu. Mbawa zikitulia, shusha mkono mmoja uishike miguu yote miwili pamoja, juu kidogo ya mwiba wa nyuma, na uweke kidole kimoja katikati ya miguu ili mifupa isisagane. Kisha mlete mwili chini ya kwapa lako, ubavu wake ukiegemea ubavu wako, miguu ikielekea mbali na tumbo lako. Ile miba ya dume inachana ngozi, tena vibaya, kwa hiyo vaa mikono mirefu, na uso wako usiukaribishe kwenye mdomo wake hata kama ni ndege uliyemlea tangu kifaranga. Mkono unaombeba uwe chini ya mwili. Kidari kiache kiwe huru kupanda na kushuka. Ukimwona anahema mdomo wazi, mpumzishe hapo hapo.

Yale manyoya marefu tunayoyaita mkia si mkia. Ni manyoya ya mgongoni, 150 hadi 200, yanayoufunika mkia wenyewe, ambao ni mfupi na wa kahawia, na ndio unaoyasimamisha tausi anapojitandaza. Nayataja hapa kwa sababu mtu akikurupuka huyadaka hayo kwanza. Tausi akidakwa huko huyaachia, unabaki na furushi mkononi na ndege amekwenda. Ni kinga yake dhidi ya adui. Lakini mengine huchukua muda mrefu kuota na kukamilika, na maonyesho yatakuwa yamepita. Kwa hiyo manyoya yaachwe nyuma yaning'inie bila kuguswa, na yule msaidizi wa tochi ayaongoze yasinase mlangoni.

Kumwachia nako kuna utaratibu. Usimrushe. Inama mpaka nyayo zake ziguse chini, subiri uzito wake utue miguuni, toa kitambaa, halafu legeza mbawa mwisho. Wengi wanaharibu hapa, baada ya kazi yote ya kumshika vizuri.

Mafunzo yaanze mvua zinapokatika, Mei hivi, ili upate miezi mitatu kabla ya Agosti. Asubuhi kabla hajala ndio saa yake. Kaa chini ndani ya banda, usimtazame machoni, umwage punje kidogo mbele yako, siku nyingine karibu zaidi. Sisi wa Ujiji tuna bahati ya dagaa. Wale waliokaushwa juani bila chumvi, ukiwaponda kidogo, tausi atawafuata mpaka kiganjani. Wenye chumvi usimpe kabisa, chumvi nyingi ni sumu kwa ndege. Huko Urambo karanga zinapatikana kwa urahisi na zinafanya kazi hiyo hiyo. Chochote utakachochagua kiwe cha mafunzo tu, asikipate wakati mwingine, na kila ukimpa tikisa kopo moja lile lile. Baadaye ule mlio wa kopo ndio utakaomtoa juu ya mwembe akipotea, na utamsaidia kutulia mbele ya watu.

Sanduku la safari liweke ndani ya banda tangu mwanzo, mlango wazi, na mlishe humo. Aingie na kutoka apendavyo. Wiki zikienda, funga mlango kwa muda mfupi akiwa anakula, fungua kabla hajaanza kuhangaika. Baadaye linyanyueni akiwa ndani, lizungusheni uani, lirudisheni, mpe dagaa wake. Jukuu langu ndilo lililokuwa fundi wa zoezi hili, maana watoto wana subira ambayo sisi watu wazima tumeipoteza. Mara nyingi alikuwa ananiuliza, "Bibi, leo nimfungie mpaka nihesabu ngapi?" Hivyo ndivyo inavyotakiwa: kidogo kidogo, na ndege asifikie hofu.

Mzoeshe pia kelele na sura ngeni. Washa redio karibu na banda, waombe majirani wapite, mtu mwenye kofia pana, mama mwenye mwavuli, bodaboda ipigwe moto nje ya ukuta. Pale Ipuli kuna spika, matrekta, vikundi vya ngoma na makundi ya wanafunzi. Tausi ambaye hajawahi kusikia zaidi ya jogoo wa jirani atajibamiza kwenye waya tangu asubuhi ya kwanza.

Kuna onyo moja nalitoa kwa uzito. Usimlee dume peke yake, bila majike, akacheza na watu tu. Akikomaa hatakuogopa, na msimu wa kupandana ukifika atakuona wewe ni dume mwenzake. Atakurukia kwa miba, na mtoto mdogo anaweza kujeruhiwa usoni. Mnachotafuta ni ndege mtulivu mbele ya binadamu, aliye na tausi wenzake.

Chagua ndege kwa hali yake ya Agosti. Dume hukamilisha manyoya marefu akiwa na miaka 3 hivi, na kila mwaka huyapukutisha msimu wa kupandana ukiisha. Kama wako ameshaanza kuyaangusha, peleka jike au tausi mchanga mwenye afya, na watu watafurahi vilevile. Wala usimlazimishe dume kujitandaza kwa kumsogelea au kumpigia makofi. Atajitandaza akipenda, hasa asubuhi na jioni, hasa akimwona jike banda la pili.

Habari ya vibali niiseme kwa ufupi. Tangu Mei 2020, Rais Magufuli alipowazawadia marais wastaafu tausi pale Chamwino, maulizo ya ndege hawa yaliongezeka sana hapa kwetu, na maneno mengi ya mtaani yakafuata. Usiyategemee. Nenda ofisi ya maliasili na ya mifugo ya halmashauri yako, uulize habari ya kumiliki na kusafirisha, upate karatasi. Hapo hapo panga na daktari wa mifugo chanjo ya mdondo. Ile ya matone ya jicho tunayowapa kuku hurudiwa kila miezi 3 hivi, na kwa ajili ya maonyesho iwe imetolewa wiki 2 hadi 3 kabla, kinga iwe imeshajengeka.

Kutoka Kigoma hadi Tabora ni safari ndefu, kwa barabara ya Uvinza, Kaliua na Urambo au kwa treni ya Reli ya Kati. Ondoka usiku. Tenga la kuku halimfai tausi, manyoya yatavunjika yote. Tengeneza sanduku la mbao lenye urefu wa kama mita 1.5, upana ambao hawezi kugeuka, kimo cha kumwezesha kusimama akiwa ameinama kidogo. Dari lifunikwe kwa godoro jembamba au magunia, kwa sababu akishtuka anaruka na kupasua ngozi ya kichwa. Matundu ya hewa yawe pande zote, chini pawe na maranda au majani makavu asiteleze. Usimjaze chakula kabla ya kuondoka. Maji ya bakuli yatamwagika na kumlowesha, mpe vipande vya tango au tikiti mnaposimama. Vumbi la Agosti ni jingi, tandika kanga iliyoloweshwa kidogo upande wa upepo, bila kuziba matundu.

Mkifika, banda la maonyesho liwe angalau mita 2 kwa 2, lenye kuta tatu zilizozibwa na upande mmoja wa waya. Akizungukwa pande zote hana pa kuegemeza mgongo, na hofu haimwishi. Kitulio kiwe juu kiasi cha manyoya kutogusa chini, mita 1.2 hadi 1.5. Kivuli cha mchana kipimwe kabla, maana jua la Tabora saa nane halina huruma na ndege hana jasho la kumpoza. Weka kizuizi cha pili mita moja mbele ya waya, la sivyo mtu atang'oa unyoya wa kupeleka nyumbani. Mtu wako mmoja asiondoke hapo. Wageni wakitaka kumwona kwa karibu, waje wachache, na mwenye kopo awe wewe. Akianza kuhema kwa mdomo na kuachanisha mbawa na mwili, shusha pazia, apumzike, hata kama mgeni rasmi yuko njiani.

Ukirudi nyumbani usimrudishe kwa wenzake. Mtenge wiki 3, na viatu ulivyovaa Ipuli visiingie kwenye mabanda mengine. Kule alikuwa jirani na kuku wa kila mkoa, na kuku huweza kubeba vijidudu vya ugonjwa wa ini bila wao wenyewe kuugua sana, huku tausi akidhoofika haraka. Vijidudu hivyo husafiri ndani ya mayai ya minyoo, kwa hiyo muulize daktari habari ya dawa ya minyoo katika wiki hizo. Angalia kinyesi chake kila asubuhi. Kikigeuka cha manjano kama kiberiti, au akisimama ameshusha mbawa na hataki hata dagaa, chukua kinyesi hicho kwenye mfuko safi ukipeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.