Tajiri, mkwasi na pedeshee

Mkuu, umeuliza kwa nini kondakta anamwita mwenye gari "tajiri" wakati jamaa ana kidaladala kimoja kibovu, na kama tajiri ni sawa na mkwasi.

Neno tajiri lina asili ya Kiarabu, na huko ni mfanyabiashara. Kwetu limebaki na maana mbili: mwenye mali nyingi, na mwenye chombo au mtaji unaoufanyia kazi. Ndiyo maana dereva anasema "bado sijatimiza hesabu ya tajiri". Hapo hapimi utajiri wa mtu. Anamtaja anayepelekewa hesabu jioni, hata kama naye anadaiwa na benki. Kwenye bodaboda ni vilevile.

Mkwasi halina maana hiyo ya pili. Ni mtu aliyejaliwa mali, basi. Wingi wakwasi, hali yenyewe ukwasi. Ni neno la maandishi zaidi, mtaani utalisikia kwa nadra. Wanauchumi nao wanatumia ukwasi kwa fedha zilizopo tayari kutumika, kama "ukwasi wa mabenki".

Pedeshee ni habari nyingine kabisa. Limetokana na herufi za Kifaransa PDG, cheo cha mkurugenzi mkuu, likaja na muziki wa Kongo. Huyo anajulikana kwa kumwaga pesa ukumbini ili mwimbaji amtaje jina. Anaweza kuwa na hela za kukopa, mimi simhesabu kwenye wakwasi.

Sarufi: tajiri huyu, matajiri hawa. "Tajiri hii" ni kosa.