Kabla hujauliza programu gani, uliza toleo gani

Wanafunzi wanaonitafuta pale Kondele, Kisumu, huja na laptopu, bando la siku moja na swali lile lile: nichambue jeni za panya kwa programu gani? Nami huwauliza: faili yako ni ya toleo gani la jenomu, yaani ramani ya DNA yote ya panya? Hapo hunikodolea macho kana kwamba nimewauliza jina la nyanyake panya.

Swali hilo nililipia. Utafiti wangu wa uzamili ulihusu malaria, ugonjwa ambao mtu wa Kisumu hahitaji kutambulishwa. Sikushika panya hata mmoja, nilitumia data zilizo wazi kwa kila mtu. Nilianzia kwenye Pklr, jeni iliyo kromosomu ya 3. Mwaka 2003 watafiti wa Montreal walionyesha kuwa panya ambaye jeni hiyo ina kasoro huhimili vimelea vya malaria ya panya, Plasmodium chabaudi, kuliko wenzake. Nikataka kujua jirani za jeni hiyo ni nani.

Orodha yangu ya mabadiliko ya DNA ilikuwa ya toleo la jenomu liitwalo GRCm38. Ramani ya jeni niliyoipakua Ensembl, hifadhidata ya jenomu, ilikuwa ya GRCm39, toleo la 2020, na toleo likibadilika, namba za mahali pa jeni kwenye kromosomu husogea. Kompyuta haikulalamika, ilipewa namba, ikazipanga. Nikapata jeni tatu ambazo hakuna aliyezitaja, na kwa wiki mbili nilitembea mjini kama mtu aliyeshinda kesi. Msimamizi wangu akafungua kivinjari cha jenomu cha UCSC, akachagua toleo la orodha yangu, mm10, akaandika namba ya ile niliyoipenda zaidi. Hapakuwa na jeni. Akanisogezea skrini, akaendelea kunywa chai.

Basi jua hivi: mm10 ni GRCm38 kwa jina la UCSC, na mm39 ni GRCm39. Ukikuta faili haisemi ni ya lipi, usiiguse mpaka uulize aliyeitengeneza. Kuhamisha namba kutoka toleo moja hadi jingine kuna programu iitwayo liftOver, lakini itakupa pia faili ya zile zilizokataa kuhama. Isome hiyo. Wengi huifuta.

Majina nayo yana vituko vyake. Jeni moja kwa panya tunaiandika Trp53, kwa binadamu TP53, na anayechanganya hujikuta anasoma makala ya kiumbe kingine. Excel ndiyo mbaya zaidi: Sept2 huigeuza kuwa tarehe 2 Septemba, na namba ya kloni (kipande cha DNA kilichonakiliwa maabara) kama 2310009E13 huifanya kuwa tarakimu ndefu ya kihesabu, kimyakimya. Mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni za binadamu iliamua heri ibadilishe majina yenyewe, na kwa panya pia Sept2 sasa ni Septin2. Faili za zamani lakini zimejaa majina ya zamani. Mimi hubeba namba ya kudumu kwenye kolamu ya kwanza: Trp53 ni MGI:98834 au ENSMUSG00000059552. Jina hubadilika, hiyo haibadiliki. Na MGI, hifadhidata ya Jackson Laboratory kule Maine, hukuonyesha majina yote ambayo jeni imewahi kuitwa.

Halafu uliza panya ni wa ukoo gani, mpaka herufi ya mwisho. C57BL/6J na C57BL/6N huonekana ndugu wa tumbo moja, kumbe wa J amepoteza kipande cha jeni Nnt, na wa N ana kasoro ya jeni Crb1 inayoharibu macho. Jenomu ya marejeo, ile ya GRCm38 na GRCm39, ni ya J. Panya wengi wa mradi wa IMPC, unaozima jeni moja moja kuona kinachotokea, ni wa N. Ukiwalinganisha bila kujali, utaisingizia jeni isiyo na hatia.

Kuhusu bando: usipakue jenomu nzima kama unahitaji kromosomu moja. BioMart, chombo cha Ensembl cha kuchuja data, hukuruhusu kuchagua kolamu unazotaka tu, na faili hutoka ndogo kiasi cha kutumwa kwa WhatsApp. Kazi nzito ipeleke Galaxy, tovuti ya kuchambulia data, kwa sababu huko inafanywa na seva za mbali, si laptopu yako. Mara ya mwisho stima ilipotea saa mbili usiku nikiwa katikati ya uchambuzi. Nikafunga laptopu, nikala omena kwa mwanga wa simu, nikalala. Asubuhi stima iliporudi nilikuta majibu yananisubiri, yote ya kijani, yaani yamekamilika.