Jibu: Tableti za shule yetu ya Kadutu, tungoje intaneti?

Mwalimu, umeuliza kama tableti zikae kabatini hadi intaneti ifike. Hapana, msingoje! Wekeni Kolibri, programu ya masomo inayofanya kazi bila intaneti, kwenye kompyuta moja. Ni ya bure, ina masomo ya Kifaransa, na watoto wanayafungua kwa Wi-Fi ya darasani bila kununua mega hata moja. Rauta, kile kifaa kinachotoa Wi-Fi hiyo, iwe na betri yake, maana umeme wa Bukavu unaujua unavyokatika.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni lile kundi la WhatsApp la wanafunzi. Kila aliyemo anaona namba za wenzake, za mabinti wadogo pia. Tafadhali ingiza wazazi, si watoto. Na kila mzazi awashe kwenye WhatsApp yake ile PIN ya tarakimu 6 (uthibitishaji wa hatua mbili) inayozuia mtu mwingine kuiteka akaunti, asimtajie mtu, hata anayejiita mkuu wa shule.